Kutumia picha na maandishi ya mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ruhusa na leseni

Nimekaa kwenye kiti cha uhariri miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuuliza, "Hii picha umeitoa wapi?" Jibu ninalopewa mara nyingi ni neno moja: "Google." Ukurasa huu umetokana na jibu hilo. Maswali ni yaleyale yanayoletwa na walimu, wachapaji, wenye kurasa za Instagram na wahariri wenzangu wa vijarida vidogo. Nimeyapa namba ili nisirudie jambo mara tatu. Ukiona "tazama 7", nenda swali la 7. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya kwa sababu huko ndiko wanakotoka wengi wanaoniuliza. Ukishapelekewa barua ya madai, ukurasa huu hautoshi tena, tafuta wakili.

## Mambo ya mwanzo

1. Kitu kiko wazi mtandaoni, kila mtu anakiona. Si ni cha wote?

Hapana. Embe lililoning'inia nje ya ua huonekana na kila mpita njia, na mwembe bado una mwenyewe. Kusoma na kutazama hakuna shida. Kinachohitaji ruhusa ni kukichukua: kukinakili kwenye ukurasa wako, kukichapa kwenye fulana, kukisoma kwa sauti YouTube, kukitafsiri, kukikata na kukiunga na kingine.

2. Hakuna alama ya ©, hakuna tangazo lolote. Bado kina mwenyewe?

Ndiyo. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, haki huanza pale kazi inapotengenezwa, bila kusajili na bila kuweka alama. Kenya iliingia kwenye mkataba huo mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994. Kusajili kazi KECOBO au COSOTA, ofisi za hakimiliki za Kenya na Tanzania Bara, kunasaidia kuthibitisha kwamba ni yako siku mtakapogombana, lakini asiyesajili hajapoteza chochote.

Kwa hiyo ukurasa usiosema kitu kuhusu hakimiliki uuhesabu kama umeandikwa "haki zote zimehifadhiwa". Wengi huhesabu kinyume chake, na hapo ndipo mambo huharibika.

3. Nimeandika "Picha kwa hisani ya…" chini yake. Haitoshi?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na neno lenyewe lina jibu. Hisani hutoka kwa mwenye kitu. Hujamwomba, hajakupa, nawe unaandika kwamba amekufanyia hisani. Umesema uongo na jina lake umeweka hapohapo.

Kutaja jina na kuomba ruhusa ni mambo mawili tofauti. Mtunzi ana haki ya kutajwa hata pale ambapo ruhusa haihitajiki, na ana haki ya kuombwa hata kama utamtaja kwa herufi kubwa. Jina peke yake linatosha pale tu mwenyewe alipokwisha kutangaza kwamba linatosha (tazama 11), au sheria inapokuruhusu kunukuu (tazama 22).

"Kwa hisani ya Google" ni mbaya zaidi. Google haikupiga picha hiyo. Imekuonyesha tu ilipo, kama mtu aliyekuelekeza nyumba.

4. Je, kuna vitu visivyo na hakimiliki kabisa?

Vipo, na ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Tanzania ya 1999 inaziacha nje sheria zenyewe, hukumu za mahakama na habari za siku. Kenya nayo haizihesabu sheria zilizoandikwa na hukumu kuwa kazi zenye hakimiliki. Ukitaka kubandika ibara ya Katiba kwenye ukurasa wako, bandika.

"Habari za siku" lakini ni tukio lenyewe. Kwamba daraja limekatika si mali ya gazeti lolote. Aya tatu ambazo mwandishi alizipanga akielezea maji yalivyolipanda daraja hilo zina mwenyewe, na picha aliyoipiga akiwa amesimama kwenye tope ina mwenyewe vilevile. Chukua tukio, uandike kwa maneno yako.

Mawazo, taratibu na mbinu pia ni huru. Hapa watu wa mapishi huniuliza sana. Kwamba pilau huanza kwa vitunguu vinavyokaangwa hadi vigeuke rangi ya kahawia, kisha thomu na tangawizi, kisha bizari nzima, hilo halina mwenyewe. Mama zetu walilijua kabla ya intaneti. Vipimo vyenyewe, vikombe viwili vya mchele kwa kiasi fulani cha supu, haviwi mali ya mtu. Bali mpishi akiandika jinsi bibi yake alivyokuwa akisikiliza sufuria badala ya kuifunua, maneno hayo ni yake, na picha ya sahani ni yake. Pika pilau lile, lipige picha wewe, ulieleze wewe.

Methali nazo ni za watu wote. Jina la kanga halikuibwa na aliyelitia kwenye fulana. Mchoro wa kanga hiyo ni habari nyingine.

5. Haki hudumu miaka mingapi?

Kenya na Tanzania: maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nchi nyingi za Ulaya huhesabu 70. Picha zina hesabu yake. Kenya ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au kutolewa kwa umma, ule wa baadaye.

Muda ukiisha, kazi inakuwa ya umma, lakini angalia unashika kitu gani mkononi. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858 na maneno yake hayana wa kuyadai. Toleo la kisasa lenye utangulizi, ufafanuzi wa maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, na tafsiri, hayo ni jasho la mhariri wa juzi. Beti nakili, maelezo ya pembeni muombe.

## Kuomba ruhusa

6. Nitamjuaje mwenye haki?

Anza kwa kutafuta nyumba ya kwanza ya kitu hicho. Iweke picha kwenye kitafutaji cha picha, panga matokeo, uone lililo kubwa zaidi na la zamani zaidi. Ukurasa wenye wafuasi wengi mara chache ndio uliopiga picha. Tazama pia pembe za picha: jina la mpiga picha likiwa limekatwa nusu, ujue aliyekuletea naye alichukua.

Kisha uliza swali la pili: aliyetengeneza ndiye mwenye haki? Mwandishi aliyeajiriwa na gazeti huenda hana mamlaka ya kukuruhusu. Mpiga picha aliyeuza haki zake hana tena. Mwalimu mmoja aliwahi kuniletea ruhusa safi kabisa, yenye sahihi, kutoka kwa mtu aliyeonekana kwenye picha. Huyo hakuwa mpiga picha, na ruhusa yake ilijibu swali jingine (tazama 24).

7. Ombi liandikweje?

Fupi, lenye mambo yote ambayo mwenye haki angeyauliza. Mfano ninaowapa watu ni huu:

> Habari za kazi. Mimi ni mhariri wa kijarida cha wavuvi, Bagamoyo. Naomba kutumia picha yako ya mashua zilizopandishwa ufukweni, uliyoiweka tarehe 3 Machi. Kiungo kiko hapa chini. Itakaa ukurasa wa ndani, nusu ukurasa, nakala 300 za karatasi na PDF moja ya kugawa WhatsApp. Kijarida hakiuzwi. Tutaikata kidogo upande wa kulia. Jina lako litaandikwa chini ya picha. Niambie unapenda liandikwe vipi. Kama kuna malipo, nitajie. Tunakwenda mitamboni tarehe 20. Ahsante sana.

Kiungo kinamwonyesha ni picha ipi hasa. Idadi ya nakala na PDF zinamwambia itafika wapi. Wengi husahau kutaja WhatsApp, na huko ndiko picha hukimbia zaidi. Tarehe inampa sababu ya kujibu leo. Kukiri kwamba utaikata kunakuepusha na ugomvi wa kesho.

Usianze na sifa nyingi. Aya nzima ya kusifu kazi ya mtu kabla ya ombi humfanya ajiulize unataka nini.

8. Nilimwomba WhatsApp akanijibu "poa tu". Nimeruhusiwa?

Umeruhusiwa kile ulichokitaja, basi. Sheria ya Kenya inakubali leseni isiyo ya kipekee hata ikiwa ya mdomo, au ikieleweka kutokana na mwenendo wa watu wawili hao. Leseni ya kipekee, na kuhamisha haki yenyewe, lazima viandikwe. Hata pale sheria isipodai maandishi, mimi huyadai.

Ugumu wa "poa tu" ni kwamba haisemi poa ipi. Ulimwomba bango la sherehe ya shule. Mwaka unaofuata shule ikaipaka picha ileile ubavuni mwa basi. Yeye anakumbuka bango, wewe unakumbuka "poa". Ndiyo maana ujumbe wako uwe na maelezo kama yale ya 7, ili "poa" yake iwe na kitu cha kushika. Baada ya hapo piga picha ya skrini yenye jina, namba na tarehe, ihifadhi nje ya simu. Simu hupotea, na ruhusa iliyopotea na simu haisaidii.

Na asipojibu? Ukimya si ruhusa. Kumbusha mara moja baada ya wiki, kisha tafuta picha nyingine. Ile "tusiposikia kutoka kwako ndani ya siku saba tutahesabu umekubali" haina nguvu yoyote. Ni vitisho vya upole.

9. Nilimlipa mpiga picha wa harusi yangu. Picha si zangu?

Kenya, kazi iliyoagizwa huhesabiwa haki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Na wapiga picha wengi huandika vingine kwenye fomu ambayo hukusoma. Kokote uliko, andika kabla ya kulipa: nani ana haki, mpiga picha anaruhusiwa kuziweka kwenye ukurasa wake au la, na wewe unaruhusiwa kumpa mwenye ukumbi azitangazie au la. Hilo la ukumbi ndilo huleta kesi.

10. Leseni ya picha hugharimu kiasi gani?

Hakuna bei ya soko moja. Hutegemea ukubwa, muda, eneo na kama ni tangazo. Wapiga picha wadogo wa huku mara nyingi huomba jina lao na nakala moja ya kitabu kikitoka. Wapelekee hiyo nakala.

## Leseni huria

11. Creative Commons ni nini, na zile herufi zinasemaje?

Ni leseni zilizoandikwa tayari, ambazo mtunzi huzibandika kwenye kazi yake kusema, "Nimeruhusu, kwa masharti haya." Zilitolewa kwanza mwaka 2002, toleo la 4.0, linalotumika zaidi sasa, lilitoka 2013. Ukikuta leseni hiyo huna haja ya kuomba, kwa sababu umeshajibiwa.

BY ni kutaja jina la mtunzi. SA ni kwamba ukiibadilisha kazi, uitoe kwa masharti yaleyale. NC ni si kwa biashara. ND ni usigawe iliyobadilishwa. Herufi hizo zikiunganishwa zinatoa leseni sita, kutoka CC BY iliyo huru zaidi hadi CC BY-NC-ND iliyobana zaidi. CC0 iko pembeni: hapo mtunzi ameachilia kila haki anayoweza kuiachilia.

Usiseme tu "ni ya Creative Commons". Ni sawa na kusema "nina tiketi" bila kutaja ya basi lipi.

12. Nitamtajaje mtunzi?

Jina, kazi, kiungo cha ilikotoka, leseni kwa jina lake kamili pamoja na kiungo chake, na kama umebadilisha kitu. Kwa mfano:

> Picha: (jina la mpiga picha), Wikimedia Commons, CC BY-SA 4.0; imekatwa upande wa kushoto.

Kwenye karatasi ambako kiungo hakibonyezeki, andika anwani. Kwenye video, weka kwenye maelezo chini yake na, ukiweza, kwenye skrini ya mwisho. "Wikimedia" peke yake si mpiga picha; ni ghala.

13. "Si kwa biashara" inaishia wapi?

Leseni yenyewe inasema matumizi yasiwe yamelenga hasa faida ya kibiashara au malipo ya fedha. Inaangalia unavyotumia, wewe ni nani si hoja. Shirika la hisani likiuza kitu, limeuza.

Nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka mmoja tulitengeneza kalenda ya ukutani, nakala 500. Desemba niliweka jahazi limetweka tanga, bahari imetulia kama mafuta. Leseni ilikuwa CC BY-NC. Niliiona, nikajiambia kalenda ni ya kuchangia maktaba ya mtaa, basi si biashara. Kila nakala tuliiuza shilingi 10,000. Mpiga picha akaandika, kwa adabu kabisa, akiuliza swali moja: "Fedha zinaingia au haziingii?" Tukamlipa. Tukakubaliana nakala zilizobaki zibandikwe kikaratasi chenye jina lake na neno "kwa ruhusa". Vikaratasi hivyo tulivikata kwa mkasi hadi usiku wa manane, gundi ilikuwa ya majimaji, na Desemba zote zikajikunja.

Ukurasa wenye matangazo ya hapa na pale? Watu wanabishana. Mimi nikiwa na shaka humwandikia mwenye picha. Ombi la dakika mbili ni rahisi kuliko vikaratasi.

14. Naweza kuchapisha kitabu cha makala za Wikipedia ya Kiswahili na kukiuza?

Unaweza. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, maandishi yake yako chini ya CC BY-SA. Toleo la 4.0 limetumika tangu 2023, kabla ya hapo lilikuwa 3.0. Leseni hiyo haikatazi kuuza. Inadai utaje makala na kiungo chake, ambako historia inaonyesha walioandika, uitaje leseni, useme ulichobadilisha, na kitabu chako kilichotokana na makala hizo kiwe chini ya leseni hiyohiyo. Maana yake aliyenunua nakala moja anaweza kukirudufu, nawe huna la kumfanya. Wachapaji wengi wakifika hapo hughairi.

Picha ndani ya makala zina leseni zao, kila moja na yake. Ibonyeze picha, usome.

15. Nikiweka picha ya CC BY-SA kwenye gazeti langu, gazeti lote linakuwa huru?

Hapana. Kuiweka picha kando ya habari bila kuigeuza ni mkusanyiko tu. Habari inabaki yako. Ukiichora upya, ukaiunga na michoro mingine ikawa picha mpya, hiyo mpya inafuata SA. Muziki una ukali wake: wimbo wenye leseni ya Creative Commons ukioanishwa na picha zinazotembea, video yote huhesabiwa imetokana na wimbo huo. Kwa hiyo wimbo wa ND usiuweke chini ya video.

16. Nilipakua picha ikiwa huru, leo mwenyewe ameondoa leseni.

Leseni hizi hazirudishwi nyuma. Anaweza kuacha kuitoa kwa wapya. Wewe uliyeipata kwa masharti ya zamani unaendelea nayo. Tatizo ni ushahidi, na dawa ni picha ya skrini ya siku ya kupakua, kama kwenye 8.

17. Nimegundua nilisahau kumtaja mtunzi. Nimekwisha?

Kwa toleo la 4.0, ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua kosa, haki yako ya kutumia inarudi yenyewe. Matoleo ya zamani hayana nafuu hiyo. Rekebisha leo, mwandikie, omba radhi bila kujieleza sana.

## Mashirika, serikali na mitandao ya kijamii

18. Habari za idhaa za Kiswahili za nje, kama VOA, BBC na DW, naweza kuzinakili?

Zisiwekwe kapu moja. Sheria ya Marekani haiipi hakimiliki nchini humo kazi iliyotengenezwa na watumishi wa serikali yao ya shirikisho wakiwa kazini. Ndiyo maana picha nyingi za NASA ni huru, na yale ambayo VOA, idhaa ya serikali hiyo, imeyatengeneza yenyewe peke yake ni ya umma. Lakini ukurasa wa VOA ukiwa na picha ya shirika la habari kama AP, AFP au Reuters, picha hiyo si ya VOA na hawana ruhusa ya kukupa. Mstari mdogo chini ya picha ndio wa kusoma.

BBC na DW wameshika haki zao, hata kama fedha zao zinatoka kwa umma. Soma masharti yao, au waandikie.

19. Picha za serikali zetu je? Si kodi yetu?

Kodi ni yetu, ila hoja hiyo haifungui leseni. Kenya, kazi za serikali zina hakimiliki kwa miaka 50. Sheria na hukumu ni huru (tazama 4), hotuba iliyopigwa picha na mpiga picha wa ofisi fulani ni jambo la kuuliza ofisi hiyo. Kwa vyombo vya habari mara nyingi wanatoa wenyewe wakitaka zisambae. Kwa bango la bidhaa usithubutu.

20. Posti ya Instagram au TikTok naweza kuibeba?

Aliyeposti aliupa mtandao ule leseni, hakukupa wewe. Kubonyeza kitufe cha kushiriki kilichopo ndani ya programu kunaacha jina na mlango wa kurudi kwake. Kupakua, kukata jina lake na kuposti upya kwenye ukurasa wako ni kunakili. Vilevile kuweka kiungo cha makala ya mtu hakuhitaji ruhusa; kubandika makala nzima na kiungo chini yake kunahitaji. "DM tutaondoa" kwenye maelezo ya ukurasa haimwondolei mtu kosa. Inakiri tu kwamba alijua.

21. Nina leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Si inatosha?

Ni leseni nyingine kabisa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni Tanzania, za 2018 na kisha za 2020, zinahusu ruhusa ya kuendesha chombo chako mtandaoni. Leseni ya udereva haikupi gari la jirani.

## Yasiyo ya kila siku

22. Kwa kufundishia au kunukuu, nahitaji ruhusa?

Kunukuu kidogo kutoka kazi iliyokwisha kutolewa, kwa kiasi cha haja yako na kwa kutaja chanzo na jina, kunaruhusiwa na Mkataba wa Berne na sheria zetu. Nukuu inahudumia hoja yako. Ukiiondoa hoja na bado ukurasa umejaa, hiyo haikuwa nukuu. Usitafute idadi ya maneno, kwa kuwa ile "asilimia kumi" ya vibanda vya kurudufu haimo kwenye Berne.

Mfano wa darasani, kwa kiasi cha haki, nao unaruhusiwa. Kurudufu kitabu kizima na kuwauzia wanafunzi si mfano. Na ukitengeneza nakala kwa ajili ya wasioona, Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimo, umefungua mlango mahsusi. Taasisi yako ipitie hapo.

23. Nikitafsiri makala ya Kiingereza kwenda Kiswahili inakuwa yangu?

Tafsiri ni yako, imejengwa juu ya kiwanja cha mtu. Kutafsiri na kutoa ni haki ya mtunzi wa asili, kwa hiyo omba kwanza. Ukiruhusiwa, anayetaka kunakili tafsiri yako atahitaji ruhusa zenu wote wawili. Makala yenye ND usiitoe kwa Kiswahili. Yenye SA, tafsiri, na Kiswahili chako kifuate leseni ileile. Kuipitisha kwenye mashine ya kutafsiri hakubadilishi jibu. Kunabadilisha tu ubora wa Kiswahili.

24. Picha ni huru, lakini ina sura ya mtu.

Hakimiliki ni ya mpiga picha. Sura ni ya mwenye sura. Leseni ya Creative Commons haikupi haki ya kumfanya mama muuza samaki awe tangazo la benki. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina ya Taarifa Binafsi ya 2022, na kwa mtoto muombe mzazi, kwa maandishi.

25. Niko Unguja. COSOTA inanihusu?

Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, COSOZA. Anza huko.

26. Wamechukua kazi yangu mimi. Nifanyeje?

Kabla ya kumjulisha yeyote, hifadhi ushahidi: picha ya skrini yenye anwani na tarehe, pamoja na faili lako la asili, lile kubwa ambalo mwizi hana. Kisha mwandikie mwenye ukurasa, bila matusi, ukisema unachotaka: jina, malipo au kuondoa. Nusu ya kesi zangu ziliishia hapo.

Akikataa, jaza fomu ya mtandao husika. Mitandao ya Marekani hufuata sheria yao ya 1998: huondoa kitu ulichokilalamikia, na aliyeondolewa akipinga, hukirudisha baada ya siku 10 hadi 14 za kazi usipofungua shauri. Kenya iliingiza utaratibu wa namna hiyo mwaka 2019, ambapo mtoa huduma aliyepokea taarifa kamili hukizuia ndani ya saa 48 za kazi kama hakuna pingamizi. Usitume taarifa ya uongo ili kumnyamazisha aliyekukosoa.

27. Picha nimeiomba akili unde (AI) initengenezee. Ni ya nani?

Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani hudai mtunzi awe binadamu. Sheria ya Kenya ina kifungu kinachosema mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta ni yule aliyefanya matayarisho ya kuwezesha itengenezwe. Kiliandikwa kabla ya mashine hizi kuja. Kwa kazi ninazohariri, huwa namwambia mletaji aandike chini yake kwamba imetengenezwa na akili unde, na asiniambie ameitoa Google.